Sharti la Kumwona Mama

Ikitsuki, 3 Februari 1962

Dada Ritsu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na mama mkiwa wazima, na kwamba baridi ya mwaka huu haijawaingia kifuani. Sisi huku tunasukuma siku. Mume wangu Torazo goti linamsumbua, lakini akisikia tu ngisi wameonekana anasahau kama ana goti. Mwanetu mkubwa amepata binti mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo mdogo wako sasa ni bibi. Mtoto mwenyewe ana sauti! Akilia, jirani wa nyumba ya tatu anakuja kuuliza nani kafa.

Mara ya mwisho kuuona mwandiko wako ilikuwa ile kadi ya mwaka wa mwisho wa vita: wanangu Fumi na Kazue wamekufa, mimi na mama tupo, usije. Sikuja. Nimetii miaka kumi na saba, na kabla ya hapo nilitii mingine kumi na minne, tangu siku nilipoolewa huku na mkasema jina langu lisitajwe nyumbani.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Kuna mwanamke anayekuja kununua ngisi wakavu kwetu, naye ana jamaa zake Nagasaki. Ameniambia kanisa kuu jipya limekwisha, limesimama palepale pa lile lililoanguka, na kwamba kila akienda huko, Jumapili humwona bibi kizee asiyeona akipandishwa ngazi na binti yake. Nikamuuliza huyo binti anatembeaje. Akasimama akanionyesha, kidevu juu, mkono mmoja umebana rozari tumboni. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Dada, sikujua kwamba mama haoni.

Naomba jambo moja tu. Nije mara moja, nimshike mama mkono, nimpandishe zile ngazi, nikae naye Misa moja. Sitaomba kulala kwako wala kula kwako. Mama ana miaka themanini na minne. Nikichelewa tena nitakuwa nimechelewa moja kwa moja.

Mdogo wako,
Isono


Nagasaki, 1 Machi 1962

Isono,

Marahaba. Miaka yote hiyo bila shikamoo, leo umeikumbuka. Kweli mwenye haja ndiye mwenye heshima.

Mama hajambo. Anakula uji na figili ya chumvi, anasali rozari tatu kwa siku, na hajakuuliza. Mimi niko vilevile. Ni kiongozi wa wanawake wa parokia mwaka wa sita sasa. Maua ya altare na kufua mashela ya yatima ni juu yangu. Hongera kwa mjukuu. Sitauliza kama amebatizwa, maana najua mnavyobatiza huko: mzee wa kijiji, bakuli la maji, na maneno ambayo hata anayeyasema hajui maana yake.

Nimelifikisha ombi lako kwa paroko, Padri Nakamoto. Amesikitika, kisha amesema wazi. Mababu wa huku na mababu wa huko wote walijificha wakati Wakristo wanachinjwa, hilo hakuna anayewanyima. Lakini mapadri waliporudi, sisi tulitoka tukawakimbilia. Ninyi mkasema mmezoea gizani, mkaendelea kukisujudia kile mlichokificha kwenye stoo. Nyumba ya mumeo ndiyo inayokitunza. Padri anasema mtu hawezi kushika mama mkono wa kulia na kitu kile mkono wa kushoto. Kilete. Akikipokea, utaingia kanisani na utakaa na mama.

Wewe ni mke wa mtunzaji, rafu unaijua. Pasaka ni tarehe ishirini na mbili Aprili.

Dada yako,
Ritsu


Ikitsuki, 26 Machi 1962

Dada Ritsu,

Shikamoo tena, hata kama inakuudhi. Huku upepo umetulia kidogo. Mjukuu ameota jino moja na anamng'ata babu yake, na babu mtu anajisifu kijiji kizima kana kwamba amepewa nishani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Dada, kile si changu. Ni picha ya karatasi, ya kuning'iniza, Mama amempakata Mwana, amevaa kimono na nywele amezifunga kama mwanamke yeyote wa huku. Aliyeichora hakuwa fundi, jicho moja limepanda juu ya mwenzake. Lakini babu mmoja wa kina Torazo alifungwa ndani ya mkeka wa majani ya mpunga akatoswa baharini kwa sababu hakusema iko wapi. Nyumba kumi na mbili zimemwachia Torazo ailinde. Hutolewa sikukuu tu, na sisi wanawake hatuigusi hata kuifuta vumbi. Nimeishi nayo miaka thelathini na moja, ukuta mmoja kati yetu, na sijawahi kuishika.

Niombe chochote kingine. Nitaungama, nitafunga, nitakaa mwisho kabisa. Na mama mwenyewe je, anasemaje? Umemwambia kwamba nimeandika?

Mdogo wako,
Isono


Nagasaki, 29 Mei 1962

Isono,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Tulikuwa na Pasaka, na sikutaka kuichafua.

Mama ameanza kukohoa. Daktari ameweka sikio lake mgongoni kwake, akatoka nje akaniambia mwezi wa nane ataufikia, wa kumi hana hakika. Uji sasa anakula nusu bakuli. Juzi nilipokuwa nikimchana nywele alitaja jina lako. Niliendelea kumchana. Ningesema nini? Kwamba Isono anampenda mama ila anapenda karatasi zaidi?

Tarehe kumi na tano Agosti ni Kupalizwa Bikira Maria, na baada ya hapo sikuahidi kitu. Njoo na ile picha, au kaa nayo. Ila ukikaa nayo usije ukaja kulia kwenye lango la makaburi ili watu waniulize yule mwanamke ni nani.

Ritsu


Ikitsuki, 30 Julai 1962

Dada,

Barua hii fupi. Nitafika tarehe kumi na nne kwa treni ya mchana, baada ya mashua ya Hirado. Nimeitoa. Torazo alikuwa baharini. Nilinawa mikono mara tatu ndipo nikaigusa. Nimeifunga ndani ya nguo ya ubatizo ya mwanangu, nikaiweka katikati ya ngisi wakavu. Kwenye kasha lake nimeacha karatasi nyeupe iliyokunjwa ukubwa uleule, ili anayelinyanyua asihisi wepesi.

Hapa wataifungua tena mwezi wa kumi na moja. Mpaka hapo natumaini Padri Nakamoto atakuwa ameibariki na kunirudishia. Mwambie ni ya watu wengi. Mwambie namwomba sana.

Isono


Ikitsuki, 21 Agosti 1962

Dada Ritsu,

Nimefika salama. Wa huku ni wazima. Nakuandikia nikiwa na moyo mzito, na leo sitauficha, maana nikiuficha utanipasuka.

Pale stesheni uliupokea ule mzigo kabla hujaipokea salamu yangu. Ukaniambia daktari amekataza mshtuko, kwamba mama akisikia sauti yangu ghafla moyo utasimama, kwa hiyo nimshike tu mkono nisiseme neno, mengine baadaye, polepole. Nikakubali. Ukaniambia desturi yenu ya zamani ni kwamba aliyeolewa nje hupiga magoti sakafuni karibu na mlango, kichwa wazi, bila shela. Nikakubali hilo pia. Wanawake wote mle ndani weupe vichwani, mimi peke yangu mvi zangu nje, na watoto wanageuka kunitazama. Padri alinionyesha kwa mkono nisogee mbele. Wewe ulimtikisia kichwa. Nilikuona.

Misa nzima niliona mgongo wa mama. Amekuwa mdogo, dada. Shingo imebaki kamba.

Nje, juu ya ngazi, nilimshika mkono kama tulivyopatana. Akaupapasa wangu, akasikia magamba na nyufa za chumvi, akauliza, "Nani huyu?" Nawe ukamwambia, "Ni mwanamke anayeuza samaki, mama." Mbele yangu! Na mama akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu yake ileile, akasema, "Asante mwanangu, leo hatuhitaji samaki." Mkashuka ngazi. Mimi nimebaki pale mdomo wazi, nimefungwa na ahadi niliyokupa.

Kwa nini? Na picha iko wapi? Nijibu la pili, hata kama la kwanza huwezi.

Isono


Nagasaki, 17 Septemba 1962

Isono,

Joto limepungua. Mama kikohozi kimeisha. Ule ugonjwa wa moyo hakuwahi kuwa nao.

La pili kwanza. Jiko la maji ya kuoga linataka kitu chepesi cha kuwashia, kuni za mwaka huu ni mbichi. Ile karatasi ya zamani ilishika moto vizuri sana, na mama aliyasifu maji jioni ile. Nguo ya ubatizo ya mtoto wako nimeifua, nitakutumia.

Padri Nakamoto hajui habari ya picha. Nilipomwambia unataka kuja, alisema, "Mlete, mama Ritsu, mlete hata kesho." Alitaka akuwekee kiti mstari wa mbele. Ile desturi ya kichwa wazi waliiacha siku nyingi. Sharti lilikuwa langu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Sasa la kwanza. Asubuhi ile ya Agosti, mimi na mama tulikuwa tumevuka mlima kwenda Mogi kutafuta viazi vitamu. Fumi alikuwa na miaka kumi na minne na Kazue kumi na mmoja. Walikuwa kanisani kwenye foleni ya kuungama, kujiandaa na sikukuu. Nilirudi nikakuta matofali. Sikupata hata kitufe cha nguo. Watoto waliosali kila siku ya maisha yao wakaenda, na wewe uliyetutupa ukamfuata mvuvi, ulikuwa kisiwani unapuliza uji wa wavulana watatu. Watatu, Isono! Mpaka leo wote wazima, wanaoa, wanazaa.

Nilitaka siku moja tu usimame mlangoni utazame migongo ya watu na usiwe na wako. Mimi nimesimama hivyo miaka kumi na saba. Wewe umelalamika kwa Misa moja.

Ritsu


Ikitsuki, 11 Novemba 1962

Dada Ritsu,

Sina salamu nyingi. Nguo ya mtoto imefika.

Jumapili iliyopita walifungua kasha. Wazee saba wamepiga magoti, Torazo akaivuta ile karatasi nyeupe, akaikunjua, akaitazama mbele na nyuma. Mzee mmoja akasema, "Torazo, acha mzaha." Nilitoka jikoni nikasema ni mimi. Nilidhani watanipiga, ningeshukuru. Waliinuka mmoja mmoja wakavaa viatu. Utunzaji wameupeleka nyumba nyingine, ingawa hakuna tena cha kutunza. Torazo hajanigombeza hata neno. Amehamishia mkeka wake kwenye kibanda cha nyavu, na mkwe wangu hanipi tena mtoto nimbebe. Basi, umepata ulichotaka. Nami sasa nasimama nikitazama migongo.

Lakini kuna jambo umeliruka katika barua yako, na kwa miaka yote hii na mimi nimeliruka kwa kukuonea huruma. Huruma imekwisha.

Julai ya mwaka ule, mwezi mmoja kabla, nilikuandikia. Nilikuambia mji utapigwa, kila mtu anasema, niletee Fumi na Kazue, huku kuna wali na samaki na hakuna kiwanda cha kupiga. Ulinijibu. Jibu lako ninalo, na nakunakilia hapa usije ukasema umesahau: "Wajukuu wa nyumba hii hawatakula wali uliopikwa na walioipa altare kisogo. Afadhali wafe hapa wakiwa safi kuliko kunenepa huko." Wakafa hapo, wakiwa safi.

Usinihesabie wavulana wangu. Nafasi ya wasichana wako ilikuwepo kando yao, mikeka nilikwisha kuitandika.

Najua mama hajui. Anadhani mimi ndiye niliyewapa kisogo. Kwa hiyo ile barua yenyewe, yenye mwandiko wako, nimeituma leo kwa Padri Nakamoto. Nimemwomba aje nyumbani kwenu amsomee mama kwa sauti, neno kwa neno, ajue ni binti yake yupi aliyetaka kuwaokoa na yupi aliyewaua. Sikumwomba kitu kingine.

Isono


Nagasaki, 4 Desemba 1962

Isono,

Huku baridi imeingia, na figili za mwaka huu ni ndogo.

Padri Nakamoto alikuja tarehe kumi na nane, baada ya Misa ya pili. Alivua viatu, akakataa chai, nikajua. Nikamwambia, "Padri, nakuomba, hiyo usiisome." Akasema, "Mama Ritsu, ni mtoto wake ameomba." Akasoma. Ana sauti nzuri yule, kila neno linakaa mahali pake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hayo ni maneno yangu."

Padri akadhani bibi kizee amechanganyikiwa. Akamwambia kwa upole, "Hapana bibi, hii ni barua ya Ritsu." Mama akasema, "Kalamu ya Ritsu. Mimi sikusoma. Nilimwambia aandike, akaandika."

Ni kweli. Barua yako ya Julai ilipofika nilifurahi mpaka nikaona haya. Siku hiyohiyo niliwafungia wasichana mizigo, nguo mbili mbili, rozari, na viazi vya njiani. Kazue alikuwa anarukaruka, anataka kuona ngisi. Mama akaifungua ile mizigo mbele yao, nguo moja moja, akazirudisha kwenye sanduku. Kisha akaniambia, "Keti, andika." Nilikuwa na miaka arobaini, mama wa watoto wawili, nikaketi nikaandika. Wewe umekaa na barua ile miaka kumi na saba na hukujiuliza kwa nini mwanamke awaite watoto wake wajukuu.

Tangu Agosti ile hakulitaja kamwe, nami sikulitaja. Pengine alisahau, pengine alijisahaulisha. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimpandisha ngazi kila Jumapili. Ningefanyaje? Mama ni mama, na katika nyumba tulibaki wawili. Lakini chuki ilikuwepo, Isono, ilikuwa kubwa kuliko nyumba, na ilitaka pa kukaa. Kwake sikuweza. Ukabaki wewe.

Na siku ile ya ngazi, nitakuambia na hili kwa kuwa sasa halina kazi. Mlipoachana, tukiwa katikati ya ngazi, mama aliniuliza, "Yule muuza samaki analia nini?" Nikamwambia ni upepo.

Baada ya padri kuondoka mama hakukubali uji tena. Nilijaribu kijiko, nilijaribu kidole. Akafunga meno. Alikuwa anayataja majina mawili, kutwa kucha, na si langu wala lako. Jana Jumatatu asubuhi alikata roho. Ulitaka ajue ni binti yupi aliyewaua watoto. Aliijua hesabu yake mwenyewe, na wewe ndiye uliyemsomea.

Nimemwosha. Nimemvika shela yake. Mazishi ni kesho Jumatano, saa nne asubuhi, kanisa kuu.

Padri Nakamoto ameniambia nikimbilie posta nikupigie telegramu, eti ikiondoka sasa utawahi mashua na treni ya usiku na utafika kabla sanduku halijafungwa. Nimemwitikia. Nakuandikia hapahapa posta, juu ya meza yao. Najua barua huchukua siku nne mpaka kwenu, tano bahari ikichafuka. Nimepanga foleni ya telegramu kama alivyosema, na zamu yangu ilipofika nimenunua stempu.

Dada yako,
Ritsu